Fundi Aliyefuta Masalia

Nitamwita Fundi tu. Jina analo, la ubatizo na la ukoo, lakini huku kwetu juu ya Marangu hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Fundi kutoka jikoni, naye akaitika. Wengine walioniumiza nitawataja bila kuogopa. Gaspari, dereva. Rumishaeli, mwenye lori. Eliakimu, mwenyekiti wa kwaya, huyo nitamtaja mpaka achoke kusikia. Ila huyu mzee namwacha na kazi yake, maana miaka yote hii nimeshindwa kuamua nimweke upande gani.

Kuhusu mimi hakuna mengi. Darasa la saba, nyonga mbovu, mlinzi wa usharika. Haya ya kompyuta ninayoyaandika niliyapata kwa kusimama nyuma ya mgongo wake nimeshika funguo, kwa sababu ofisi ya usharika haifunguliwi mgeni bila mlinzi kuwepo. Ukisimama nyuma ya mtu muda mrefu hivyo unajifunza, hata usichokitaka unajifunza.

Kazi yake ilikuwa kuondoa masalia. Mafundi wengine, wale wa mjini Moshi, walifufua mashine zilizokufa, wakabadilisha vioo, wakauza chaja. Yeye aliitwa pale ambapo mashine haijafa ila imechoka: inawaka kwa shida, inalalamika, inafungua vidirisha ambavyo hakuna aliyeviomba. Akifika alinawa mikono kwanza kama anayekwenda kukamua. Kisha alitoa brashi laini ya rangi, akapangusa vumbi kwenye matundu ya mashine, ndipo akakaa.

"Mmeondoa nini humu?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Hakuuliza mmeweka nini.

Watu walijibu kwa kujiamini. Tuliondoa ile programu ya risiti, Fundi. Tuliondoa michezo. Tuliondoa ile ya kuzuia virusi, muda wake uliisha. Naye alicheka kwa pua.

"Hamjaondoa. Mmebandua jina mlangoni. Mwenyewe amehama, lakini kuku wake bado wanakula mahindi yenu."

Nilivyomwelewa mimi ni hivi. Programu ikiingia kwenye mashine haikai chumba kimoja. Inatandika huku, inaweka sanduku kule, inaandika jina lake kwenye kumbukumbu kuu ya mashine, na nyingine inaacha agizo kwamba kila asubuhi mashine ikiwaka nayo iamshwe. Ukiiondoa inaondoka na kitanda chake tu. Masanduku yanabaki. Agizo la kuamshwa linabaki pia, kwa hiyo kila asubuhi mashine inakwenda kubisha hodi kwa mtu asiyekuwepo, inasubiri, inabisha tena, na wewe umekaa pale na chai yako unasema kompyuta imezeeka.

Fundi alivifahamu vile vyumba ambavyo mashine yenyewe huvificha. Alivifungua kimoja kimoja, na kila alichokikuta alikiita "huyu", kama mtu.

"Huyu wa nani? Huyu anafanya nini hapa? Aliyekuleta yuko wapi, we?"

Nakumbuka shule moja ya sekondari pale Himo walimwita kwa sababu programu mpya ya kuzuia virusi iligoma kuingia. Nilikwenda naye siku hiyo kumbebea mkoba, nyonga yangu ikiwa bado nzima. Mwalimu wa zamu akamwambia ile ya zamani walishaitoa muhula uliopita, kwa hiyo tatizo lazima ni hiyo mpya. Fundi akachimba, akaonyesha kidole kwenye kioo.

"Mlimfukuza mlinzi mkasahau kumnyang'anya funguo za geti. Huyu hapa, bado amesimama. Mlinzi mpya anaingiaje?" Akanigeukia. "Na wewe, siku wakikufukuza usharika, rudisha funguo."

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Wakati huo nilikuwa mtu wa kucheka.

Alikuwa na mdomo mchafu kwa mtu safi vile. Katibu wa chama cha kahawa alimwambia kuna programu siku hizi ya kusafisha masalia yote kwa kubofya mara moja, kwa nini anatumia asubuhi nzima. Fundi akamjibu, "Ukimpa kichaa fagio na nyumba yako, atafagia mpaka mtoto." Hakuiamini kabisa. Alisema anayefagia bila kuuliza si msafi, ni mwizi mvivu. Yeye aliuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake huku mlimani: Fundi hafuti kabla ya kuuliza.

Na akishauliza, hafuti nusu. Mashine ina pipa lake la taka, ambamo ukitupa kitu kwa bahati mbaya unaweza kukiokota. Fundi hakupitia pipa. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kitu kikapotea moja kwa moja. "Ukitupa kwenye pipa lililo sebuleni, umetupa wapi?" Wala hakuweka nakala. Alisema kuweka nakala ya uchafu ni kuuhamisha tu.

Nyumbani kwake sasa, ndipo utashangaa. Nyumba yake ilikuwa imejaa mashine zilizokufa hadi darini. Vibao vya herufi vimening'inia ukutani kama mikungu, waya kwenye ndoo ya maziwa, kioo kimevunjika kinashikilia mlango usifungwe na upepo. Cherehani ya marehemu mkewe ilikuwa bado na kipande cha kitambaa chini ya sindano, mshono umefika katikati. Siku moja nilimuuliza.

"Fundi, hii si masalia?"

"Hiyo ni cherehani."

"Na kitambaa?"

"Kunywa chai yako."

Kwa hiyo alifahamu. Alifahamu vizuri sana kuna vitu havifutwi. Hilo ndilo linalonichoma.

Nieleze na kazi yake nyingine, maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata. Kwenye ukoo wetu mtu akishazikwa kuna siku ya kugawa nguo zake, na mgawaji alikuwa Fundi. Alipewa kazi hiyo kwa sababu hakuwa na upendeleo. Anasimama uani katikati ya migomba, anainua nguo moja moja, gauni, kanga, sweta, anauliza kwa sauti ileile kila mara: "Nani ana haja na hii?" Anayeitaka anasema. Asipotokea mtu anauliza mara ya pili. Kisha kimya kikiendelea, nguo inakwenda kuchomwa nyuma ya zizi.

Mwenye msiba haruhusiwi kujibu. Mume aliyefiwa anakaa kwenye kigoda, macho chini. Akinyoosha mkono kuomba nguo ya mkewe watu watasema anang'ang'ania, hataki kumwacha aende. Kama kuna kitu anakitaka sana, mmoja wa wake wa ukoo atamsoma usoni na kumwombea. Mimi waliniombea sweta la bluu. Lakini mimi nilikuwa nautazama ule mtandio mweupe aliovaa kuimbia, na hakuna aliyenisoma. Ulichomwa.

Mke wangu alikuwa Aikande. Aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika, na pale penye kipande cha mtu mmoja alipewa yeye. Siwezi kukueleza sauti yake. Nimejaribu kumweleza mwanangu Anande, ambaye alikuwa na miaka mitatu mama yake alipofariki, nikajikuta nasema nzuri, nyembamba, ya juu, maneno ya kumwelezea hata mbuzi. Alikuwa na simu ya kitochi, na ilisagika naye siku ya ajali. Picha ninazo. Picha haziimbi.

Tulikuwa tunatoka mnadani Sanya Juu, kwenye lori la Rumishaeli, juu ya magunia ya mahindi. Gaspari alikuwa amelalamika breki tangu asubuhi, tulimsikia wote, na Rumishaeli akamjibu kwa simu kwamba akitaka kazi aendeshe, akitaka breki akanunue lori lake. Akaendesha. Lori likapindukia bondeni, wakafa waliokufa, mimi nikabaki na nyonga hii. Aikande alikuwa upande wa bondeni kwa sababu mimi nilichukua upande wa mlimani, nikamwekea mguu asiteleze. Rumishaeli alikuja msibani akakaa kiti cha mbele. Gaspari siku hizi anaendesha basi la watalii, ameota kitambi. Nimewataja.

Miezi michache baada ya hapo, kompyuta ya ofisi ya usharika ikawa inashindwa hata kufungua barua. Imejaa, ikasema. Wakamwita Fundi. Mimi nilikuwa nimeanza kutembea kwa fimbo, nikaja kufungua mlango, nikakaa kwenye kigoda cha pembeni kwa sababu kusimama nilikuwa siwezi. Eliakimu alikuwepo, maana kwaya nayo ilitumia mashine ile.

Fundi akanawa, akapangusa, akauliza wameondoa nini. Eliakimu akasema wameondoa programu ya kurekodia, iliyokuwa ya kujaribu tu, muda wake uliisha ikawa inasumbua. Fundi akaanza kufungua vyumba.

Kwanza akakuta video. "Hizi zimekula nusu ya nyumba. Ni za nani?"

"Ni za harusi yangu hizo, Fundi," akasema Eliakimu. "Hizo usiguse."

"Zote? Nakuona humu unakula keki kwa upande huu, halafu unakula keki hiyohiyo kwa upande ule."

"Nimesema acha, mzee wangu."

Akaacha. Akaendelea. Kisha akasimama, akavua miwani akaifuta, akaivaa.

"Huyu hapa ni pango la ile programu ya kurekodia. Yenyewe imeondoka, hili limebaki. Ndani kuna vipande vidogovidogo vya sauti, vingi mno, havina majina, ni herufi na namba tu. Siwezi kuvifungua, aliyejua kuvifungua ndiye mliyemwondoa." Akainua kichwa, na ikatoka ile sauti ya uani. "Nani ana haja na huyu?"

"Futa," akasema Eliakimu bila hata kutazama. "Ni mazoezi ya zamani."

Fundi hakufuta. Alinigeukia mimi. Akanitazama pale kwenye kigoda, na akauliza mara ya pili, lakini macho ameshayarudisha kwenye kioo: "Nani ana haja na huyu?"

Nikatazama chini. Msiniambie ningesema. Sikufahamu kama mke wangu yumo kwenye herufi na namba. Nilichofahamu, kwa mwili wangu siyo kwa akili, ni kwamba nimefiwa, nimekaa kwenye kigoda, na mzee huyu akiuliza kwa sauti ile mtu kama mimi hafumbui mdomo. Alinifundisha mwenyewe, uani kwangu, mbele ya migomba yangu.

Akabonyeza vile vitufe viwili.

Nilikuja kulijua mwaka mmoja baadaye, siku ya kujengea kaburi. Nilimfuata Eliakimu, nikamwomba kitu kimoja: watu wakishakaa, apige yale mazoezi ambayo Aikande anaimba peke yake, walivyokuwa wanajiandaa kwenda kurekodi Arusha. Nilitaka Anande asikie. Mtoto alikuwa ameshaanza kuwaita mama wanawake wengine.

Eliakimu akanishangaa. "Baba Anande, si ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi? Si Fundi aliifuta? Si ulikuwepo?"

"Ulisema ni mazoezi ya zamani."

"Kwani si ya zamani?"

Alisema hivyo uani kwangu, sahani ya nyama yangu mkononi. Mpaka leo anaongoza kwaya, na harusi yake imo kwenye mashine ya usharika mpaka leo, anakula keki pande zote mbili.

Sikungoja watu waondoke. Nilipanda mpaka kwa Fundi kwa fimbo, nikaupiga mlango nayo hadi ikapasuka. Akatoka. Hata shikamoo sikumpa.

"Ulijua yumo?"

Akaelewa papo hapo. Hakuuliza nani.

"Nilidhani huenda yumo. Ndiyo maana niliuliza mara ya pili."

"Ulimuuliza nani?"

"Niliuliza chumba."

"Chumba kina mdomo? Mzee, chumba kina mke? Ulinitazama mimi, ukauliza ukuta!"

"Nilikuona kwenye kigoda." Akakaa kizingitini kama mtu aliyepigwa. "Nilikuona umekaa, nikafanya kama tunavyofanya. Mtu wa kukuombea hakuwepo."

"Wewe ungeniombea!"

Akabaki pale kizingitini mpaka kuku wakapanda kulala. Kisha akasema niende nikamngojee ofisini kesho yake.

Akaja na diski mpya aliyoinunua mwenyewe, akaichomoa ile ya zamani kwenye mashine, akaiweka mpya. Barua za ofisi na harusi ya Eliakimu alizihamisha zote, hakuuliza. Ile ya zamani akaifunga kwenye kitambaa. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyohiyo. Mashine inabandua jina tu na kusema pale ni patupu. Aliyemo ndani anabaki amekaa, mpaka aje mpangaji mwingine akalie juu yake. "Kama nisingechelewa," akasema. Lakini ofisi ilikuwa imeitumia mashine ile mwaka mzima. Barua za michango, matangazo ya ndoa, ratiba za zamu. Kila barua ilitafuta mahali patupu pa kukaa.

"Unaweza kumpata?"

"Nitatafuta."

"Nimekuuliza unaweza?"

"Nimekwambia nitatafuta."

Akatafuta miaka. Mwanzoni nilipita kila Jumamosi. Nilimkuta ameinama kwenye kioo kilekile kibovu, amezungukwa na maiti za mashine zake. "Bado," anasema kabla sijafika mlangoni. Baadaye nikawa napita mara moja moja. Baadaye nikaacha, na tukikutana njiani nikawa natazama migomba ya watu. Aliacha kufuta vya wengine. Watu walimwita kutoka Himo, kutoka mjini, hakwenda. Ugawaji wa nguo nao aliuacha. Kwenye msiba wa shangazi walimwita asimame katikati, akasema mikono inatetemeka. Haikuwa inatetemeka. Nilikuwa naiona.

Na mimi huku nikawa napotewa. Hili sijamwambia mtu. Mwanzoni sauti ya Aikande ilikuwa inakuja yenyewe, nikiwa nakata majani ya ng'ombe au nafunga geti. Kisha ikawa inakuja nikiiita. Kisha ikawa nikiiita inakuja sauti ya mwanamke, lakini sina uhakika kama ni yeye au ni yule wa redioni. Huwezi kumuuliza mtu jambo kama hilo. Nilimzika mara moja, halafu nikawa namzika kidogokidogo kila mwaka, peke yangu, bila hata wa kunishikia jembe.

Anande alikua. Sasa anasomea uuguzi mjini Moshi. Hakuwa mtoto wa kulia, lakini kila akija Krismasi, watu wote wakiwa wamerudi kutoka Dar na vijiji vimejaa magari, nilimsikia akiwauliza shangazi zake, mmoja mmoja, kwa siri: "Mama alikuwa anaongeaje?" Nao wanamwambia nzuri, nyembamba, ya juu.

Mwaka huu masika yakiwa yameshika, Anande akapiga simu. Fundi amelazwa hospitali wanakofanyia mazoezi ya uuguzi, miguu imevimba, macho yanakwisha. Mzee amemtambua yeye kwa jina la ukoo kwenye sare yake. Amemwambia, wakimruhusu kurudi nyumbani aje na baba yake.

"Baba, huyo mzee ni nani kwetu? Alinishika mkono hataki kuachia."

"Ni fundi," nikasema.

Tulikwenda siku ya Jumapili baada ya ibada. Njia ilikuwa utelezi, Anande amenishika kwapa. Mlango ulikuwa wazi, bado umeshikiliwa na kile kioo. Fundi alikuwa kwenye kiti, blanketi miguuni, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa.

"Shikamoo, babu," akasema Anande.

"Marahaba, mama. Na huyo amekuja na hasira zake?"

"Sina pa kuziacha," nikajibu.

"Kaeni. Mvua hii, mtasikia vibaya." Akavuta pumzi. "Sikukuita unisamehe, Baba Anande, usijisumbue. Macho yanaisha. Nikifa watakuja vijana hapa kusafisha, watakuta diski, hawatauliza. Ndiyo maana."

Akapapasa mezani mpaka akapata panya wa kompyuta. Akatueleza kwamba vipande vingi amevipata vimeliwa. Unakifungua, ndani unakuta tangazo la ndoa. Vingine vilikuwa vizima lakini ni ukimya tu, mvua, mbwa wa mchungaji. Vilivyobaki vyenye mtu ndani ni viwili, na anadhani vinafuatana. Alikuwa hajamwonyesha mtu.

Anande akasogeza kigoda. Mimi nilibaki nimesimama, nyonga inauma, sikutaka kukaa.

Cha kwanza kikalia. Benchi linaburutwa. Mtu anakohoa. Halafu, safi kabisa, kama yumo chumbani, Eliakimu: "Aikande, njoo mbele kidogo. Hapo. Haya, ukiwa tayari."

Kikaisha.

Kati ya vyote vilivyoliwa, huyo amebaki mzima! Barua za usharika zimemkalia mke wangu, Eliakimu hajakaliwa hata na nukta.

"Hicho kifute," nikamwambia Fundi. "Kifute sasa hivi, nikikuona."

"Usifute!" Anande aliruka kama amechomwa. "Baba, humo anaitwa. Mama anaitwa jina lake, na yeye yupo, anasogea mbele. Usikiguse, babu."

Fundi mkono wake ukabaki hewani. Hakuuliza chochote. Akautoa kwenye mashine, akauweka pajani.

"Cha pili," nikasema.

Cha pili kilikuwa kifupi zaidi. Kimya cha chumba kikubwa. Kisha mtu anavuta pumzi, ndefu, kwa kinywa, ile ya kujiandaa kuanza juu. Unaisikia inajaa. Unajua kinachofuata ni sauti.

Kikakatika.

"Vinavyofuata?" akauliza Anande.

"Havipo, mama. Vimekaliwa vyote. Nimerudi mara nyingi, havipo."

"Weka tena."

Akaweka tena. Akaweka tena. Mvua ilizidi kwenye bati, Anande akaweka sikio karibu kabisa na ile mashine, mkono mmoja umeziba sikio la pili. Mimi nilimtazama Fundi, Fundi akatazama mahali alipodhani nimesimama.

Kisha Anande akaninyanyulia uso. "Baba. Anayevuta pumzi ndiye?"

Kwaya nzima ilikuwa imesimama pale. Mtu yeyote angeweza kuvuta pumzi. Wa sauti ya pili, wa sauti ya tatu, Eliakimu mwenyewe. Nilisikiliza kwa mwili wangu wote. Nililala kando ya pumzi yake maisha yangu yote ya ndoa, sasa nikaingoja hii inifikie kama mtu anayengoja kuitwa, na haikuniita. Ilikuwa pumzi. Ningeweza kuwa nimeisikia popote.

"Ndiye," nikasema.

Fundi akainamisha kichwa. Alilijua jibu langu lilivyo; alinifahamu muda mrefu mno. Akaomba simu ya Anande, akaviweka vyote viwili humo, Eliakimu na pumzi, akamwelekeza kwa kidole jinsi ya kuvifungua. Kisha akasema amechoka. Nikamshukuru kwa Kichaga, "Aika, Fundi." Zaidi ya hapo sikuwa na kitu.

Tulipokuwa tunashuka, mvua imepungua, Anande alisimama ghafla chini ya mgomba wa watu.

"Baba, una hakika?"

Nikamwambia nina hakika. Akairudisha simu sikioni, ndani ya mtandio, akatembea mbele yangu hivyo mpaka nyumbani.